Herufi Tano za Maksai Doa

Perpetua Tluway alifanya kazi masjala kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo yote hakuna jalada lililopotea mikononi mwake. Yaliyopotea yalipotea mikononi mwa wengine, na mara nyingi ni yeye aliyeitwa kuyatafuta. Alipostaafu kutoka ofisi moja ya serikali mjini Mbulu, wenzake walimpa blanketi, sufuria kubwa na hotuba ndefu. Akashukuru, akarudi kwao Dongobesh kupumzika.

Kupumzika kulimshinda. Mwezi wa kwanza alipanga upya stoo ya mahindi, magunia yakaandikwa tarehe na jina la shamba. Mwezi wa pili alipanga upya kabati la wifi yake Odilia bila kuombwa, na Odilia akakaa siku tatu akitafuta chumvi. Ndipo Odilia akamshauri, kwa upole lakini kwa haraka, kwamba mtu mwenye kipaji kama chake angefaa kufungua duka.

Akafungua steshenari jirani na soko. Ilikuwa na mashine ya fotokopi, printa, skana, kamera ya picha za pasipoti, na kompyuta moja ya mtumba. Kompyuta hiyo ilipougua virusi na kumeza barua za maombi ya kazi za watu kumi na mmoja, Mwalimu Wilbard alikuja kuitibu. Wilbard alikuwa mwalimu wa kompyuta wa sekondari, mzaliwa wa Kagera, aliyeletwa Dongobesh na serikali, na mwaka wa nne ulikuwa unamkuta bado anavaa makoti mawili asubuhi kwa baridi ya huko.

"Mama, tuondoe kila kitu, nikuwekee Linux," alisema. "Virusi haviisumbui sana, na ni bure."

"Cha bure kina mwenyewe," Perpetua akajibu. Lakini akakubali, na baada ya wiki mbili alikuwa ameizoea kama alivyozoea madaftari ya masjala. Jambo moja tu hakulibadilisha. Kila faili alilipa jina kamili, sentensi nzima, kama kichwa cha jalada. Wengine huandika "picha1" na "picha2". Perpetua aliamini kwamba faili lisilojieleza ni mzigo kwa atakayekuja baadaye.

Mwaka huo kigango chao kilikuwa kinajiandaa kwa jubilei ya miaka hamsini, na kamati ikaamua kutoa kitabu cha picha. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Basili, aliyekuwa bwana shamba enzi zake, alitangaza baada ya misa kwamba kila mwenye picha aipeleke kwa Mama Perpetua.

Watu wakapeleka. Walileta simu, flashi, kadi za kamera, albamu zenye vumbi na bahasha zilizoliwa na panya pembeni. Perpetua akapokea, akaskani, akanakili, akaandika. Kufikia mwezi wa sita alikuwa na picha elfu thelathini na nane mia nne na kumi na mbili, na kompyuta ikaanza kumwambia kwamba nafasi imekwisha.

Tatizo halikuwa wingi wa kumbukumbu. Tatizo ni kwamba watu walikuwa wametumiana picha zilezile kwenye makundi ya simu mpaka kila picha ikawa na ndugu. Kwaya ya mwaka jana ilikuwemo mara tisini. Bwana Basili akipanda mti alikuwemo mara zisizohesabika, maana aliituma picha hiyo kila kundi, kila Jumapili, na maneno "Tuonane kanisani".

"Kuna programu ya kazi hiyo," Wilbard alisema. "Inapitia mafaili yote, inakuonyesha yale yanayofanana kabisa, wewe unafuta."

Programu yenyewe ilikuwa na jina gumu la kigeni. Perpetua akaiita Msaka Pacha. Akaielekeza kwenye folda ya jubilei, akabonyeza kitufe, akakaa na kikombe cha chai kuangalia asilimia zikipanda. Kumi. Thelathini. Hamsini. Sitini na tatu. Kisha dirisha likatoweka, kama mtu aliyeitwa nje ghafla na hakurudi.

Akaanza upya. Sitini na tatu, likatoweka. Akazima kompyuta, akaiwasha, akanywa chai nyingine. Sitini na tatu.

Wilbard alipokuja jioni kutoka shuleni alikuta Perpetua ameandika kwenye daftari: saa ya kuanza, saa ya kuanguka, asilimia. Mistari sita, yote ikifanana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Programu yako inaanguka."

Wilbard akafungua lile dirisha jeusi la maandishi, akaiendesha programu kutoka humo ili walau isitoweke kimya. Ilipofika pale pale ikaacha maneno mawili: *Segmentation fault*.

"Inasemaje?"

"Maana yake imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyokuwa yake, mfumo ukaifukuza."

Perpetua akatikisa kichwa. "Kama karani wa ardhi kuingia masjala ya siri. Sawa kufukuzwa. Lakini alifuata nini mle?"

Hilo Wilbard hakulijua, wala programu haikutaja ni faili gani lililoiponza. Kwa hiyo akafanya wanavyofanya wataalamu wengi: akakisia. Siku ya kwanza akasema ni RAM, kile kipande cha kumbukumbu ya muda. Akaitoa, akaifuta kwa raba ya penseli, akairudisha. Sitini na tatu. Siku ya pili akasema ni vumbi. Wakaifungua kompyuta, wakatoa vumbi la kutosha kupanda vitunguu saumu. Sitini na tatu. Siku ya tatu akasema ni umeme wa kuyumba. Siku ya nne akasema ni toleo la zamani, akapakua jipya kwa bando lake mwenyewe, na hilo jipya likaanguka kwa sekunde chache mapema zaidi, maana lilikuwa na kasi.

Siku ya tano alikuja Bwana Basili, mikono nyuma, kukagua maendeleo.

"Nimesikia mashine inaanguka ikifika picha fulani," alisema. "Nimejiuliza, isije ikawa ile yangu ya mti. Ile picha ina uzito."

"Ina uzito gani, mwenyekiti?"

"Uzito wa maana."

Perpetua akaahidi kuichunguza. Mwenyekiti alipoondoka, akamgeukia Wilbard.

"Mwalimu, pale masjala tukipoteza folio, karatasi moja ya ndani ya jalada, kati ya majalada elfu, hatukukaa tukakisia. Unaligawa kabati nusu. Unauliza, imo upande huu au ule? Ikiwa upande huu, unaugawa nusu tena. Hakuna kabati lililonishinda."

"Hiyo hata kwenye kompyuta ipo, mama," Wilbard akasema taratibu, na masikio yakamwaka moto, maana aliifundisha kidato cha tatu kila mwaka.

"Basi kwa nini tumefuta vumbi?"

Kesho yake Perpetua akaanza. Alitoa nusu ya picha, akaziweka folda ya pembeni, akaiendesha programu kwa zilizobaki. Haikuanguka. Basi mkosaji yumo katika zilizotolewa. Akazirudisha mahali pake pale pale, akatoa zile nyingine, akaendesha tena, ikaanguka. Akazigawa nusu. Kila hatua akaiandika, na kila picha akairudisha kwenye folda yake kabla ya kujaribu, kwa sababu kwake kuchunguza jalada nje ya mahali pake ni sawa na kumpima mgonjwa homa baada ya kumwogesha maji baridi.

Wateja walikuja na kuondoka. Mmoja aliyeleta cheti kulaminishwa alikaa saa nzima, akawa anauliza, "Imeanguka?" kama mtu anayesikiliza mpira. Zikabaki elfu kumi na tisa, elfu tisa, elfu nne. Siku iliyofuata zikabaki mia tatu, sabini, tisa. Mara ya kumi na sita, saa nane mchana, ikabaki picha moja peke yake, na kwa picha hiyo moja Msaka Pacha aliruka nje kama amekanyaga kaa la moto.

Ilikuwa picha ya mwaka 1974, wakati kanisa linajengwa. Wanaume saba wamesimama mbele ya ukuta usiofika kifuani, na pembeni maksai waliokuwa wakiburuta mawe kutoka korongoni. Wa kwanza kushoto ni Gidahosh, kijana Mbarbaig aliyejitolea na ng'ombe wake ingawa hata hakuwa amebatizwa bado. Siku hizi alikuwa mzee, anaishi Nangwa, chini ya mlima Hanang. Picha aliileta mwenyewe, ameifunga ndani ya kitambaa, na akamwekea Perpetua sharti moja: asiachwe mtu. Akamtajia majina, Perpetua akaandika yote kama yalivyotoka.

Ilipofika jioni, habari ilikuwa imeshapata miguu. Sokoni walisema picha ya Gidahosh imeangusha kompyuta ya Mama Perpetua. Stendi walisema imeiunguza. Waliopanda magari wakaipeleka mbali kwa namna yao.

Perpetua hakuwa na muda wa maneno hayo. Aliifungua picha, ikafunguka vizuri. Akaihamishia kwenye uso wa kompyuta, nje ya folda, akaendesha programu. Haikuanguka. Akairudisha kwenye folda yake. Ikaanguka.

"Umeona?" Wilbard akafurahi. "Iache huko nje, tuendelee na kazi."

"Mwalimu, mtu akizimia kila akiingia chumba fulani, utamwambia alale uani maisha yake yote?"

Akasogeza miwani, akachapa jina zima la faili pamoja na folda zote zilizolibeba, akalitoa kwenye printa, akaliweka mezani na rula na penseli:

*/home/perpetua/Jubilei/Picha za zamani/Zilizoletwa kwa mkono/Gidahosh akiwa na Tluway, Margwe, Amnaay, Hhando mkubwa, Hhando mdogo na Baran mbele ya ukuta wa kanisa pamoja na maksai Doa, Mawingu, Pembe Moja na Mvivu ambaye haonekani vizuri lakini alikuwepo.jpg*

Wilbard alilisoma, akalisoma tena. "Mama, hili ni jina la faili?"

"Unadhani ni la nani?"

Perpetua akahesabu kwa ncha ya penseli, herufi, nafasi, mikato, na vile vistari vya kulala. Mia mbili na sitini. Kisha akatengeneza nakala ya picha, akaitoa ile ya awali kwenye folda, akawa anapunguza herufi moja moja mwishoni mwa jina na kujaribu. Mia mbili hamsini na tisa, ikaanguka. Nane, saba, sita, ikaanguka. Mia mbili hamsini na tano, ikapita, ikafika asilimia mia moja, ikasema kwa adabu kwamba hakuna pacha.

Wilbard akapiga paja. "Aliyeitengeneza ametenga nafasi ya majina kama ndoo. Jina likizidi, linamwagikia pasipo pake. Mama, umeipata! Zimezidi herufi tano tu." Akaitazama ile karatasi. "Na tazama bahati: neno Doa, mkato wake na nafasi yake, ni tano kamili. Mtoe Doa, tumemaliza."

"Nimtoe ng'ombe wa mtu?"

"Kwenye jina tu."

"Alivuta mawe ya kanisa lile ninalosali. Mimi nimfute kwa sababu mtu fulani huko Ulaya ana ndoo ndogo?"

Badala yake akamwandikia huyo mtu. Aliandika kwa Kiswahili, Wilbard atafsiri, na Wilbard anakiri mpaka leo kwamba hajawahi kutafsiri kitu kigumu kama hicho.

*Kumb. Na. PT/JUB/01. Yah: Kuanguka kwa programu yako inapokutana na jina refu. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Programu yako ilianguka dukani kwangu mara thelathini na nane, kama inavyoonekana kwenye kiambatisho A. Uchunguzi umebaini kwamba jina la faili pamoja na folda zake likiwa na herufi 255 inapita, zikiwa 256 inaanguka. Jina la faili husika limehifadhiwa kwa kuwa lina majina ya watu. Nakutakia kazi njema ya ujenzi wa taifa.*

"Taifa gani, mama?" Wilbard aliuliza.

"La kwake. Tafsiri."

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Yule mtengenezaji alisema amekuwa akipokea taarifa za "haifanyi kazi" kwa miaka sita, na hii ndiyo ya kwanza yenye kiambatisho. Kosa ni lake; ameliona papo hapo alipoifungua programu yake. Aliomba jambo moja: apewe jina lenyewe, kamili, aliweke kati ya majaribio ambayo programu hupitishwa kila mara kabla ya toleo jipya kutoka, ili kosa lisirudi. Akaonya kwamba majaribio hayo huonekana na mtu yeyote duniani.

"Mpelekee herufi A mia mbili na sitini," Wilbard akashauri. "Hatajua."

"Ameomba jina. Nikimpelekea A, hilo ni jalada bandia."

Kwa hiyo Perpetua akachapa fomu za ridhaa. Baba yake, Mzee Tluway, alikuwa marehemu; akasaini kwa niaba yake kama binti. Familia za Margwe, Amnaay na Baran alizimaliza Jumapili moja nje ya kanisa. Ya Hhando mkubwa, marehemu naye, ilisainiwa na mdogo wake, yule Hhando mdogo, ambaye alikuwa hai huko Nambis, mwenye miaka sabini na minne, na ambaye ilipofika zamu yake mwenyewe alikasirika.

"Mdogo! Kaka yangu amekufa, mimi ndiye mkubwa sasa. Na dunia nzima isome mdogo?"

"Baba, mwaka ule ulikuwa mdogo," Perpetua alisema. "Jalada linaandika yalivyokuwa siku ile."

Hhando akanung'unika, akasaini, na chini ya sahihi akaongeza umri wake kwa herufi kubwa.

Akabaki Gidahosh mwenyewe. Perpetua akapanda gari la asubuhi hadi Dareda, akapanda jingine la barabara ya pili, akashukia Nangwa kabla ya saa sita, mlima Hanang umevaa wingu mpaka kiunoni. Alimkuta mzee amekaa kwenye kigoda kando ya zizi, fimbo magotini, shuka jekundu begani. Mzee hakushangaa kumwona.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti wa Tluway. Keti. Nimesikia mnadani Katesh kwamba sura yangu imeua mashine yako."

"Haijafa, baba."

"Imeanguka lakini."

"Imeanguka."

"Mara ngapi?"

"Thelathini na nane."

Mzee akatazama mlima. Alikuwa anajitahidi kuonyesha huzuni, lakini pembe za mdomo zilimsaliti. Tangu habari ile ifike, majirani walikuwa wakimwamkia kutoka mbali, na mkulima mmoja aliyekuwa akimbishia mpaka wa malisho alikuwa ameacha.

Perpetua akaeleza kwamba sura haina kosa, ni jina. Mzee akasikiliza, kichwa upande.

"Nani amezidi?"

"Hakuna aliyezidi, baba. Nafasi ndiyo ndogo. Ilipungua herufi tano."

"Herufi tano ni kiasi gani?"

Perpetua akasita. "Kama Doa."

Mzee akainua fimbo. "Doa?"

"Ni mwalimu aliyesema. Mimi nilikataa."

"Huyo mwalimu amewahi kuvuta jiwe? Doa alikuwa wa mbele! Aondolewe Mvivu, kama lazima mtu aondoke. Jina lake lenyewe ni refu na hata haonekani."

"Nikimwondoa Mvivu na maneno yake, nafasi inatosha na kubaki," Perpetua alikiri.

Ndani ya zizi ndama alilia, akajibiwa. Kisha mzee akaanza kucheka polepole, kifua kikitikisika.

"Unajua kwa nini Mvivu haonekani vizuri? Alikuwa amelala. Alilala katikati ya mteremko na jiwe nyuma yake, na fimbo yangu haikumfaa. Baba yako akasema niache. Akakaa chini karibu na kichwa cha ng'ombe, akaanza kumbembeleza. Akamweleza habari za shamba lake, za mvua, za mke wake, za binti yake aliyekuwa anapanga kuni kwa urefu." Akamtazama Perpetua. "Ni wewe huyo?"

"Ni mimi," Perpetua alisema.

"Saa nzima. Padre na kamera yake anasubiri. Mwisho Mvivu akachoka kusikiliza, akasimama, akavuta jiwe mpaka juu. Lile jiwe liko kwenye msingi, kona ya mashariki." Akatikisa kichwa. "Hapana. Mvivu naye abaki. Hatoki mtu."

Perpetua alitoa leso, akafuta miwani, kisha akafuta macho kwa kuwa leso ilishatoka. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache sana nyumbani. Hakuwahi kufikiri kwamba maneno yake mengine aliyapeleka kwa ng'ombe, na kwamba yeye alikuwemo.

Baada ya maziwa, akatoa fomu na kidau cha wino. Mzee akaweka dole gumba, akaliangalia, akaweka la pili kwa usalama.

"Na maksai? Nao watie kwato?"

"Wewe ndiye mwenye mali, baba. Unatosha."

"Waandike kwamba wamekubali."

Akaandika kwamba wamekubali.

Jina likapelekwa jioni hiyo hiyo. Toleo jipya likatoka siku ya tisa, na kwenye maelezo yake mtengenezaji aliandika kwamba programu sasa inapokea majina ya urefu wowote, shukrani kwa P. Tluway wa Dongobesh. Wilbard alisoma mistari hiyo mara tatu, kisha akaitoa kwenye printa ya duka bila kuulizia bei.

Wakaiendesha asubuhi ya mnada. Wilbard aliomba ruhusa shuleni. Bwana Basili alikuja na koti la suti. Odilia alileta chai kwenye chupa. Wakasimama nyuma ya kiti cha Perpetua, asilimia zikipanda, na zilipofika sitini hakuna aliyepumua vizuri. Sitini na moja. Sitini na mbili. Sitini na tatu ilikaa muda mrefu kidogo, Basili akafanya ishara ya msalaba, ikawa sitini na nne.

"Imepita!" Odilia akapiga kelele, chai ikamwagika.

Ilipofika tisini na saba, mama mmoja aliyetoka mnadani na jogoo kwapani alisimama mlangoni. Jina lake Hilaria. Alitaka fotokopi ya kadi ya kliniki.

"Pande zote mbili?" Perpetua akauliza, akainuka.

"Mama, tisini na tisa!" Wilbard akalia. "Njoo uone!"

"Nina mteja, mwalimu."

Akaiweka kadi kwenye kioo, akaisawazisha, akafunika. Mwanga ukapita. Akaigeuza. Nyuma yake watu watatu wakashangilia kwa pamoja, jogoo akashtuka na kupiga mabawa, na Perpetua hakugeuka mpaka kopi ya pili ilipotoka na akahakikisha muhuri umesomeka.

Programu ilikuwa imepata picha pacha elfu ishirini na saba. Ya Bwana Basili akipanda mti ilikuwa mia tatu na kumi na mbili, na ndiyo iliyoongoza. Mwenyekiti aliisoma namba hiyo kwenye kioo kwa muda.

"Umaarufu," alisema hatimaye.

"Nitabakiza moja, mwenyekiti."

"Mbili. Moja ya akiba."

Perpetua akaandika moja. Hakufuta chochote siku ile, wala wiki ile. Alipitia orodha yote, kundi kwa kundi, siku kumi na nane, kwa sababu mashine inajua mafaili yanayofanana lakini haijui ni lipi lililoandikwa nyuma kwa mkono wa marehemu. Wilbard alikuja kila jioni kumsomea namba huku yeye akiweka alama. Siku za baridi kali Perpetua alifunga mlango wa duka, akamsogezea jiko la mkaa, na hakumcheka habari za makoti.

Kitabu cha jubilei kilitoka na kurasa themanini. Watu walipogawiwa nje ya kanisa walikifungua papo hapo, kila mmoja akitafuta sura yake kwanza, kisha ya mama yake, kisha ya jirani ili amcheke nywele. Perpetua alisimama pembeni na orodha ya waliochukua na ambao bado, akisikiliza kurasa zikigeuzwa. Upepo ulikuwa unashuka kutoka mlimani, wanawake wakashika vitambaa vyao vya kichwa, na mtu mmoja akamwita aje amwonyeshe, huyu hapa ukurasa wa arobaini, ni nani?

Akaenda, akainama, akasogeza miwani, akaanza kumsomea jina lote, kuanzia Gidahosh mpaka Mvivu.